Kiwanda cha korosho Masasi: tusubiri soko huria la umeme au tupunguze bili sasa?

MwanaUshirika

Wakuu, habari za jioni. Nina swali kwa wanaoijua sekta ya umeme, hasa upande wa sheria na bili za viwanda.

Kiwanda ni cha kubangua korosho, kipo Masasi, kidogo tu. Mita ipo kundi la T2 (wateja wa kati, wanaolipia units pamoja na mahitaji ya juu), transfoma ya kVA 200. Bili ya mwezi mmoja wa msimu inaonyesha units 22,000, mahitaji ya juu (mzigo mkubwa kabisa wa mwezi) kVA 160, pawafakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) 0.80. Mizigo mikubwa ni oveni mbili za kukaushia zenye hita za umeme, kompresa ya mashine za kumenya, mota za kubangulia na pampu ya boila. Zamu ni moja, saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, miezi saba kwa mwaka. Miezi mingine zinabaki taa za ulinzi na ofisi.

Kwenye kikao mjumbe mmoja amesema tusiingie gharama yoyote, kwa kuwa mpango wa serikali wa 2014 ulisema ikifika 2025 soko la umeme litakuwa huru, kila kiwanda kitajichagulia muuzaji na bei itashuka yenyewe. Mwingine anataka tufunge sola ya kilowati 100 kesho asubuhi.

Naomba kujua: je, leo tunaweza kununua umeme kwa mtu mwingine? Soko likifunguka kweli bei itashuka kwa sisi wa kusini? Na kwa bili hii, pesa ya kwanza iende wapi?

---

Fazi Tatu

Mkuu, mjumbe wako hajadanganya, ila amesoma ratiba akadhani ni taarifa ya utekelezaji.

Mkakati wa mageuzi ya sekta ndogo ya umeme ulitoka Juni 2014 na ulipangwa kwa awamu hadi Juni 2025. Awamu ya mwanzo ilikuwa ya maandalizi. Iliyofuata, hadi 2018, ilitaka uzalishaji utenganishwe na usafirishaji na usambazaji. Ya tatu, hadi 2021, usambazaji utenganishwe na usafirishaji. Ya mwisho ndiyo hiyo ya ushindani hadi kwa mteja wa rejareja. Utenganishaji haukwenda kwa ratiba hiyo. TANESCO bado inazalisha, inasafirisha na kusambaza, na mzalishaji binafsi mkubwa humuuzia yeye. Kitaalamu huo ni mfumo wa mnunuzi mmoja. Ushindani, ukiwepo, upo kwenye kugombea mkataba wa kujenga mtambo. Kwenye kumgombea mteja haupo.

Sheria yenyewe si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Sheria ya Umeme ya 2008 imetenganisha leseni: kuzalisha, kusafirisha, kusambaza, kuuza, hadi kuuza nje ya mipaka, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayozitoa. Zipo pia kanuni za 2016 za kupanga upya soko na kukuza ushindani, zinazomtambua mteja anayeweza kuruhusiwa kujichagulia muuzaji. Lakini haki hiyo haitembei peke yake. Inahitaji mwendeshaji wa mfumo asiye na mtambo wake wa kuupendelea, tozo inayojulikana ya kupitisha umeme wako kwenye nyaya za mwingine, pamoja na namna ya kugawana upotevu wa njiani. Inahitaji mita zinazosoma kila nusu saa na mtu wa kufanya hesabu: muuzaji wako aliahidi kilowati 120 saa 8 mchana, kaingiza 90, hizo 30 zilizopungua amezitoa nani na analipwa shilingi ngapi? Nchi nyingi zimekwama hapo, huku sheria ikiwa imeshapita bungeni siku nyingi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: T2 wa Masasi leo hanunui kwa mwingine kupitia nyaya za TANESCO. Unachoweza ni kujizalishia ndani ya eneo lako. Chini ya megawati 1 huhitaji leseni ya uzalishaji, unajisajili EWURA. Kiwanda cha saruji pale Mtwara kinajizalishia kwa gesi kwa kiwango kikubwa, ila hao ni wa daraja lingine. Mfano wa mtu binafsi mwenye nyaya na wateja wake upo Mufindi: Mwenga, mtambo wa maji wa megawati 4, unaiuzia TANESCO na pia unavisambazia vijiji vya jirani kwa nyaya zake.

---

Pwani ya Msimbati

Mimi nauliza kidogo tofauti. Gesi inatoka Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inakwenda Dar kwa bomba tangu 2015. Songo Songo nayo ipo Kilwa. Kwa nini mtu wa Mtwara alipe bei ileile ya mtu wa Mbezi? Soko huria likija si ndiyo tutapata bei ya jirani na kisima?

---

Mtaa wa Turbaini

@Pwani ya Msimbati swali ni la haki, ila hesabu haiko hivyo.

Bei ya umeme nchini ni moja kwa kila kundi la mteja, popote alipo. Ukiivunja ikawa bei ya kila eneo, unachoangalia ni mtambo unaokuhudumia, si umbali wako na kisima. Milioni 1 ya Btu (kipimo cha joto) ya gesi ina joto la kama units 293. Ukiichoma kwenye injini au turbaini ndogo yenye ufanisi wa 35% unapata units 103 hivi. Ukiichoma kwenye mtambo wa mzunguko pacha (turbaini ya gesi, kisha ya mvuke unaotokana na joto lake) kama Kinyerezi II, tuseme 50%, unapata zaidi ya 146. Gesi ileile, bei ileile getini, lakini unit ya mtambo mdogo ina mafuta mengi zaidi kwa 40%. Ongeza matengenezo makubwa ya injini kila baada ya saa maelfu kadhaa, ongeza mashine ya akiba inayokaa bure ikisubiri mwenzake aharibike. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zimekula umeme wa mitambo ya gesi ya Mtwara mjini, nje ya Gridi ya Taifa, kwa mashine za megawati 2 hivi kila moja. Zikisimama mbili kwa pamoja mji wote unajua.

Na kabla ya gesi ilikuwa dizeli. Lita moja inatoa units 3.5 hivi kwenye jenereta nzuri. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, mafuta peke yake ni shilingi 857 kwa unit, na mteja alilipa bei ya taifa. Bei moja ya nchi nzima imewabeba watu wa kusini kuliko ilivyowaumiza. Mjadala wa nani anufaike na gesi upo, na hasira ya 2013 Mtwara juu ya bomba la gesi ilikuwa na sababu zake, lakini dai hilo linafaa kupelekwa kwenye mrabaha, ushuru wa huduma wa halmashauri na ajira. Ukilipeleka kwenye bei ya unit utapoteza.

Tena ushindani umeshajaribiwa mlangoni kwetu. Artumas ya Kanada ndiyo iliyoanza kuzalisha umeme Mtwara kwa gesi ya Mnazi Bay mwaka 2007, na mpango wake ulikuwa mpana kuliko kuzalisha tu. Fedha ziliyumba, mitambo ikaishia mikononi mwa TANESCO. Mji wenye mahitaji ya megawati chache hauwezi kulisha wauzaji watano. Anayebaki mmoja, awe wa umma au wa binafsi, ni hodhi tu, na hodhi dawa yake ni mdhibiti mkali.

Kinachoweza kuleta ushindani huku ni waya. Njia ya kilovolti 220 ya Songea, Tunduru, Masasi hadi Mahumbika, Lindi, ndiyo ya kumfanya mtu wa Masasi awe mteja wa bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, badala ya mateka wa injini za Mtwara. Pasipo na waya, hata bunge lipitishe sheria gani, muuzaji wa pili hafiki.

---

Mhasibu wa Nyaya

Wote mmesema vizuri lakini hakuna aliyeifungua bili ya mkuu, na shida yake ipo humo. Natumia bei zilizopitishwa 2016: T2 ni shilingi 195 kwa unit, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu, na 14,233 za huduma kwa mwezi.

Units 22,000 × 195 = 4,290,000
kVA 160 × 15,004 = 2,400,640
Huduma = 14,233
Jumla kabla ya kodi = 6,704,873

Hapo bado VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1%. Ukiweka zote unafika 8,179,945, yaani karibu shilingi 372 kwa unit. Kama mmesajiliwa VAT, hiyo 18% mnaidai, kwa hiyo msiihesabu kama gharama.

Sasa angalieni. Kabla ya kodi mnalipa wastani wa shilingi 305 kwa unit. Mwenye duka wa T1, kundi la wateja wadogo wasiolipia kVA, analipa 292. Kiwanda kinalipa zaidi ya duka! Sababu ni kVA. Ukigawa, T2 inakuwa nafuu kuliko T1 pale tu kila kVA unayolipia inapotumia units 155 au zaidi kwa mwezi. Nyie mna 22,000 gawa kwa 160, ni 137. Kurudi T1 hamwezi kwa kuwa mmevuka units 7,500 kwa mwezi. Kilichobaki ni kuzipunguza kVA.

Mahitaji ya juu hupimwa kwa wastani wa dakika 30. Nusu saa moja mbaya, ile ya asubuhi mnapowasha oveni mbili, kompresa na mota zote kwa pamoja, ndiyo inayolipiwa mwezi mzima. Kuna na mtego ambao viwanda vya msimu haviuoni: mnalipishwa kilicho kikubwa kati ya kVA za mwezi huo na 75% ya kVA za juu kabisa za miezi mitatu iliyotangulia. Maana yake mkifunga kiwanda, miezi mitatu ya kwanza mnalipia kVA 120 za hewa. 120 × 15,004 = 1,800,480 kila mwezi, na mlinzi ana taa nne. Mwezi wa nne ndipo inashuka. Na fundi akija mwezi huo wa nne "kujaribu mashine" kwa saa moja, mmeanza upya. Majaribio yote yafanyike siku tatu kabla ya msimu, ndani ya mwezi uleule wa kufungua.

Tiba ina sehemu mbili.

Kwanza pawafakta. kVA 160 kwa 0.80 ni kilowati 128 za kweli, zilizobaki ni mzunguko wa sumaku za mota. Ukiinua hadi 0.95, kilowati zilezile zinakuwa kVA 135. Kapasita inayohitajika: 128 × (0.75 − 0.33) = kVAr 54 hivi (kVAr ni kipimo cha huo mzunguko wa sumaku). Nunueni benki ya 60 yenye hatua sita za kVAr 10 na kidhibiti kinachoziingiza na kuzitoa chenyewe. Kosa la kawaida ni fundi kufunga kapasita ya moja kwa moja isiyo na kidhibiti, ya bei ndogo: mota zikizimwa jioni kapasita inabaki, volti inapanda, taa na kompyuta za ofisi zinaungua, halafu lawama kwa TANESCO. Chagueni kapasita za volti 440 au zaidi, maana 400 ya kwenye karatasi huku hupanda. Kontakta (swichi za sumaku) ziwe za kapasita, zile zenye vizuizi vya kupunguza mshituko, za mota zitagandana ndani ya muda mfupi. Zikitoka zisirudi kabla ya dakika moja, zinahitaji kumwaga chaji. Kama kompresa ina kidhibiti mwendo cha kielektroniki, semeni mapema, kwa sababu kapasita tupu na mawimbi machafu ya kifaa hicho haviivani, mtahitaji zenye koili za kuchuja. Kabati lisiwe jirani na chumba cha kukaangia; joto na mvuke wa mafuta ya ganda ndiyo kifo chake.

Pili ni ratiba. Oveni ya kwanza iwashwe saa 12:15 asubuhi peke yake, ya pili baada ya dakika 40, kompresa mwisho. Hita zikishafika joto zinajizima na kujiwasha, mzigo umepungua. Mkitoa kilowati 14 tu kwenye kilele, mnabaki na 114, na kwa pawafakta 0.95 hiyo ni kVA 120. Afadhali zaidi, oveni moja ihamie kwenye mvuke wa boila. Maganda mnayo, mnayachoma hata hivyo.

Kutoka 160 hadi 120: shilingi 600,160 kwa mwezi kabla ya kodi, mara miezi saba ni 4,201,120. Ongeza ile miezi mitatu ya kufunga, ambapo 75% sasa ni kVA 90 badala ya 120, mnaokoa 1,350,360. Jumla ya mwaka 5,551,480. Hakuna mageuzi ya soko yatakayowapa punguzo hilo kwa uhakika huo.

---

MwanaUshirika

Mhasibu, nimeshika kichwa. Hiyo ya 75% hakuna mtu alikuwa anaijua, tulidhani ni bili ya makosa. Sasa muuzaji wa sola ameleta makadirio: kilowati 100, units 12,000 kwa mwezi, mara shilingi 372, mara miezi 12, anasema tunaokoa milioni 53 na nusu kwa mwaka. Hapo mnasemaje?

---

Mhasibu wa Nyaya

Units 12,000 zinawezekana, paneli huku hutoa wastani wa units 4 kwa siku kwa kila kilowati. Bei ndiyo kaichomeka. Sola inapunguza units, na unit yenu ni shilingi 195. Ile 372 ina kVA ndani yake, na sola haina uhakika wa kuondoa kVA: wingu la nusu saa siku moja tu ya mwezi linawarudisha palepale.

Na miezi? Mnafanya kazi siku 26 kwa mwezi, miezi saba. 26 × 400 × 7 = units 72,800. Mara 195 ni 14,196,000 kabla ya kodi. Hiyo ndiyo pesa yenu, robo ya aliyoandika. Miezi mitano ya kufunga umeme unakwenda wapi? Kanuni za 2018 za mita ya kwenda na kurudi zinaruhusu mtambo hadi megawati 1 kuingiza ziada kwa TANESCO, nanyi mnahesabiwa units, hamlipwi taslimu. Hilo liombwe na likubaliwe kwa maandishi kabla ya kununua paneli, si baada.

Jambo lingine wauzaji hawalisemi. Saa 6 mchana sola ikitoa kilowati 70, mnachochota TANESCO ni kilowati 58, lakini kVAr 96 za mota bado mnazichota zote kule. Hiyo ni kVA 112 na pawafakta inaanguka hadi 0.52. Kilowati zimepungua zaidi ya nusu, kVA kwa 30% tu. Ndiyo maana kapasita inatangulia sola. Na kifaa cha kupimia cha kidhibiti kifungwe upande wa mita, kabla ya mahali sola inapoingilia, la sivyo kitakuwa kinatibu mgonjwa wa nyumba ya pili.

Inveta za kawaida (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe kama wa TANESCO) zinajizima umeme wa TANESCO ukikatika. Zinafanya hivyo pia masafa yakiyumba, na mfumo mdogo masafa huyumba. Mwulizeni amepanga mipaka gani ya kujizima, na kama haelewi swali, jibu mmeshapata.

---

Mtaa wa Turbaini

Nirudi kwenye swali la pili la mkuu, maana bado hatujalijibu: soko likifunguka, bei itashuka?

Huku tunaijua minada ya korosho. Mzigo upo ghalani, wanunuzi wanaleta bei kwenye bahasha au kwa mtandao, wa juu anachukua. Soko la jumla la umeme ni mnada uliopinduliwa: wanaoshindana ni wauzaji, wa bei ya chini anapangwa kwanza, kisha anayefuata, mpaka mahitaji ya saa hiyo yatimie. Yule wa mwisho aliyekamilisha hesabu ndiye anayeweka bei, na wote wanalipwa bei yake. Maji yakitaka shilingi 20, gesi 110, gesi ya mtambo mchakavu 150, na saa 2 usiku ule mchakavu ukahitajika, kila unit ya saa hiyo ni 150. Korosho unaweza kuigomea bei ukairudisha ghalani. Umeme hauna ghala la maana, saa 2 usiku ni saa 2 usiku, na mwenye mtambo wa mwisho anajua hivyo. Uingereza ilipofungua soko lake 1990, kampuni mbili za mitambo ya makaa, National Power na PowerGen, ndizo zilikuwa zikiweka bei karibu muda wote, mpaka mdhibiti akawalazimisha wauze baadhi ya mitambo. Kugawa shirika vipande viwili au vitatu hakutoshi.

California walikosea kwa namna nyingine. Bei ya jumla wakaiachia, bei ya mteja wakaifunga, na kampuni za usambazaji zikasukumwa zinunue soko la siku kwa siku badala ya mikataba mirefu. 2000 na 2001 bei ya jumla ikaruka, na Aprili 2001 kampuni mojawapo, PG&E, ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Majirani? Uganda walilipasua shirika lao vipande vitatu 2001, usambazaji ukakodishwa kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme miaka 20 kuanzia 2005. Upotevu ulishuka kutoka karibu 38% hadi chini ya 20%, hilo ni jambo kubwa. Bei ya mteja haikushuka kama watu walivyotarajia, mkataba ulipoisha Machi 2025 usambazaji ukarudi serikalini na ugomvi wa fidia ukaanza. Kenya waliitenga KenGen (uzalishaji) na Kenya Power (usambazaji) miaka ya 1990, mnunuzi akabaki mmoja.

Kwetu kidonda ni mikataba. IPTL, mkataba wa mzalishaji binafsi, ilisainiwa 1995, megawati 100 za Tegeta, mtambo ukaanza 2002 baada ya mabishano hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa, na tozo ya uwezo wa mtambo ikawa wimbo wa taifa. Wengi hawajui inavyouma, kwa hiyo chukueni mfano wa kubuni: mtambo wa megawati 10, tozo dola 15 kwa kilowati kwa mwezi, ni dola 150,000 iwe umewashwa au umezimwa. Ukizalisha kwa 80% ya uwezo, ni senti 2.6 za dola kwa unit. Ukiwashwa kwa 20% kwa sababu mvua imenyesha na mabwawa yamejaa, ni senti 10.4, kabla ya gesi. Mtambo binafsi wa Songas, uliokuwa ukichoma gesi ya Songo Songo tangu 2004, mkataba wake wa miaka 20 uliisha Julai 31, 2024 bila kuongezwa. Maji yalishaongezeka, na hesabu yake ilikuwa ya aina hiyo.

Na mdhibiti lazima aachwe afanye kazi. Desemba 2016 EWURA ilipitisha ongezeko la 8.53%, TANESCO ilikuwa imeomba zaidi ya mara mbili ya hapo. Serikali ikalizuia, na Januari 1, 2017 mkurugenzi mkuu wa EWURA akaondolewa. Mwananchi alipumua, sikatai. Lakini anayetaka kuleta fedha zake kujenga mtambo na kushindana aliisoma habari ileile, na bei ya hofu yake ataiweka kwenye zabuni. Kwangu mimi hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko sheria yoyote iliyokosekana.

---

Fazi Tatu

Nakubaliana na Turbaini isipokuwa kwenye moja. Anaonyesha kama mageuzi yote yanangoja wauzaji wengi. Kutenganisha hesabu za ndani za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji hakungoji mtu. Ukishaona kwamba unit ikitoka mtamboni ni bei hii, njia kuu inaongeza hii, nyaya za Masasi na upotevu wake zinaongeza hii, ndipo unajua mahali pa kukaba. Afrika Kusini walianza hivyo: kwanza kitengo ndani ya Eskom, shirika lao la umeme, kisha kampuni tanzu ya usafirishaji iliyoanza kazi Julai 1, 2024. Hawakuanza na mnada.

---

MwanaUshirika

Shukrani wakuu, nimeelewa. La mwisho: kuna kampuni nyingine haitaki tununue sola. Wanafunga wao juu ya paa, sisi tunanunua units kwa miaka 15. Tuangalie nini kwenye mkataba?

---

Fazi Tatu

Huo ni mkataba wa kuuziana umeme mdogo, na makosa yake ni yaleyale ya mikubwa. Tafuteni kipengele cha "chukua au lipa": kiasi cha units mnachowajibika kulipia hata msipotumia. Kwa kiwanda cha miezi saba kinatakiwa kiwe cha msimu tu, au kisiwepo. Bei iwe kwa shilingi. Ikiwa kwa dola, kila kushuka kwa shilingi kunakuwa kwenu. Nyongeza ya kila mwaka wakiandika 5%, bei ya kuanzia 170 inavuka 195 mwaka wa nne, wakati ya TANESCO imekaa palepale tangu 2016. Iandikwe kwamba bei yao haitazidi kiwango cha unit cha T2 kilichotangazwa na EWURA wakati huo, na isemwe wazi kuwa ni kiwango cha unit, si wastani wa bili.

Bei ya kuwanunua mtambo iwe jedwali la kila mwaka ndani ya mkataba. "Kwa makubaliano ya baadaye" isikubalike. Soko likifunguka au sheria ikibadilika, muwe na haki ya kurudi mezani. Paa likivuja, nani anatoa paneli na nani analipia siku hizo? Usajili EWURA na kibali cha kuunganisha viwe kazi yao na viwe masharti ya kuanza malipo. Anayefunga awe na leseni ya EWURA ya ufungaji umeme ya daraja linaloruhusu kazi ya ukubwa huo, mwone cheti chenyewe.

Kabla ya yote hayo andikeni barua TANESCO, isainiwe na mwenye akaunti, mkiomba kumbukumbu za mzigo za kila nusu saa za miezi ya msimu. Mita za T2 zinazitunza. Wekeni jalada hilo mbele ya muuzaji yeyote wa sola, kapasita au jenereta ya gesi, na mumwambie afanyie hesabu humo.

---

Mhasibu wa Nyaya

Na mkizipata, kwanza angalieni saa 1 hadi saa 2 asubuhi ya Jumatatu. Kilele kwa kawaida huwa hapo, oveni zimelala baridi tangu Jumamosi.